Roshani ya Bi Mwanamize

Kama umewahi kufika Al-Sulay, ule upande wa Riyadh wa maghala na malori, huenda ulimwona Vuai usijue kama umemwona. Alikuwa yule mtu mrefu, mkimya, anayepigilia misumari kwenye paleti, yale majukwaa ya mbao ambayo mizigo ya dunia nzima hupangwa juu yake na hakuna anayeyatupia jicho. Miaka tisa alitengeneza paleti. Mimi ndiye niliyekuwa nikizibeba kwa lori langu, kwa hiyo ninayosimulia nimeyaona mwenyewe. Nikizidisha kidogo mahali, ni hasira zangu, si uongo.

Jina langu ni Josphat, Mkamba wa Mwingi. Watu hudhani kila Mkamba ni mchongaji. Mkono wangu unajua usukani tu, na hata mwiko wa ugali sijawahi kuuchonga. Vuai ndiye aliyekuwa mchongaji. Baba yake alikuwa fundi wa milango ya nakshi Unguja, na yeye alishika patasi kabla hajashika kalamu. Lakini kwenye ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi ambacho bila hicho hapa wewe si mtu, pale pa kazi pameandikwa amil. Maana yake kibarua. Aliyeletwa kama kibarua hufanya kazi ya kibarua, halas, imekwisha, hata kama mikono yake ina elimu ya baba na babu.

Alikuwa na patasi saba alizokuja nazo kutoka kwao, amezizungushia kitambaa. Kila Ijumaa baada ya sala alizitoa, akazipaka mafuta, akazitazama, akazirudisha. Paleti haihitaji patasi, inahitaji nyundo na mtu asiye na haraka ya kufikiri. Mimi jambo lile lilikuwa likiniudhi, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu lilinihuzunisha, na huzuni kwangu hutoka ikiwa hasira. Nikamtania siku moja kwamba mchagua jembe si mkulima. Akaniambia kwa ile sauti yake ya pole kwamba mkulima aliyenyimwa shamba naye ajiliwaze vipi.

Siku moja nilirudisha lori nyuma bila kutazama nikazipanda mbao zake. Vuai akanitukana kwa Kiswahili kirefu chenye adabu, matusi ambayo ukiyasikia unataka kusema asante. Bwana mmoja wa Kisaudia aliyekuwa akifuatilia mzigo wake ghalani akaangua kicheko, akatusogelea, akatusalimu kwa Kiswahili. Huyo ndiye Mazin.

Mazin ana ofisi Olaya, katikati ya Riyadh, kwenye jengo la vioo ambalo nikipita chini yake shingo inaniuma. Mama yake, Bi Mwanamize, ni Mzanzibari aliyeletwa Jedda na wazazi wake mwaka 1964 akiwa na miaka minane. Aliolewa huko huko na Mhijazi, mwenyeji wa pwani ile, sasa ni mjane, na anakaa Ruwais, mtaa wa Jedda karibu na bahari, kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Kiswahili cha Mazin kilikuwa kile cha jikoni, alichokiokota akisubiri chakula miguuni mwa mama yake. Anajua wali, sufuria, njoo, kaa, funga mlango. Baada ya hapo anatia Kiarabu na kumwachia Mungu.

Pembeni pale palikuwa na marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, Vuai alichokichonga kwa mbao za paleti zilizovunjika. Mazin alikiokota, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye nakshi. Akauliza nani kafanya. Nilimjibu mimi, maana Vuai ukimwachia ajisifu mtakaa mpaka magharibi.

Ndipo Mazin akatueleza haja yake. Siku hizi meli kubwa za watalii zinatia nanga Jedda. Watu wanashuka asubuhi, wanazungushwa Balad, ule mji wa kale wa nyumba za mawe ya matumbawe, na jioni wanarudi melini. Alikuwa amepatana na waandaaji wa safari kwamba wageni wanane wataletwa nyumbani kwa mama yake kunywa kahawa, waone jinsi watu wa Jedda wanavyoishi. Kwenye chumba cha juu, upande wa bahari, kulikuwa na mlango uliozibwa kwa mbao na kibaraza chembamba cha zege kilichotokeza ukutani. Alitaka pale pakae kitu.

"Mama mwenyewe anataka roshani," alisema. "Miaka mingi anataka. Kama ya zamani."

Vuai akauliza upana na urefu. Mazin akampa. Akasema roshani ikiwa mahali pake kabla meli haijafika, na ikawa kazi ya kweli, atamhamishia Vuai kwake. Yeye atakuwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini nchini, ikama iandikwe najjar, seremala, na kazi ya kutengeneza mbao za nyumba za kale za jamaa na marafiki wa familia haitakwisha mpaka Vuai azeeke. Isipokuwa kazi ya kweli, basi, kila mtu na njia yake.

Vuai alisema inshallah, akarudi kwenye nyundo yake. Lakini jioni ile hakula. Nilimwona amekaa kitandani na patasi mapajani, nikajua mtu ameshikwa pabaya. Ukikaa miaka tisa bila kutumaini kitu, tumaini likikujia hujui ulishike wapi.

Sasa tazama kosa lilipoingia. Mazin hakueleza roshani ni kitu gani, kwa sababu kwake kila mtu anajua roshan. Vuai hakuuliza, kwa sababu kwake kila mtu anajua roshani. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini nani huuliza maana ya neno lake mwenyewe?

Kwa wiki tano, baada ya alasiri na Ijumaa kutwa, alifanya kazi kwenye pembe moja ya ghala. Mazin alimletea mbao za msaji. Vuai akatafuta mota ya mashine mbovu, akajiundia kerezo, akakereza vijiti arobaini na vinne, kimoja kimoja, vyenye viuno na mabega. Akachonga mkono wa juu wa kushikia, akautia nakshi ya maua na mnyororo. Akatengeneza kipaa kidogo cha kuzuia jua. Vibarua wa Kibangali na wa Kipakistani walikuwa wakija na vikombe vyao vya chai kumtazama tu. Hata kafili wake wa pale ghalani, mzee asiyependa maneno, alikuja mara moja, akasimama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku nne za ruhusa alizitoa bila kuombwa mara mbili.

Nilimwambia Vuai kwamba hiyo ni balkoni nzuri kuliko zote nilizoziona.

"Balkoni ni ya hoteli, Josphat," alinijibu. "Hii roshani."

Na mimi, mjinga mwingine, nilikuwa nimepeleka mizigo Balad mara mbili. Niliyaona kwa macho yangu yale madirisha ya mbao yaliyotokeza ukutani kama makabati, yamefunikwa matundu kote, aliye ndani anaona nje na aliye nje haoni kitu. Sikuuliza yanaitwaje. Dereva huuliza njia, haulizi madirisha. Vuai naye aliwahi kwenda Umra mara mbili, kwa basi, Riyadh mpaka Makka na kurudi. Jedda hakuijua.

Tuliondoka na lori Jumatatu adhuhuri. Nilikuwa na mzigo wa bandarini Jedda, roshani tukaifunga juu yake kwa mablanketi. Safari ni karibu kilomita elfu moja. Tulilala kwenye kituo cha mafuta, na siku ya pili, kabla ya Makka, tukafuata ile barabara ya kuzunguka wanayopita wasio Waislamu, kwa ajili yangu. Vuai angeweza kuteremka akapitia mjini, akasali Haram, ule msikiti mtukufu, tukakutana mbele. Nilimwambia. Akasema mzigo wake uko humu na dereva wake yuko humu, basi naye yuko humu. Njia nzima aliongea mara tatu tu, zote akiniuliza kama kamba zimekaza.

Tulifika Ruwais alasiri ya Jumanne. Meli ilikuwa iingie Jumatano asubuhi. Ruwais zamani ilikuwa ya wavuvi, leo ni ya kila mtu, nyumba zimebanana na nguo zimeanikwa mpaka barabarani. Mazin alikuwa ametangulia kwa ndege. Alishuka na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akatukumbatia, akaamuru maji baridi. Nikafungua mablanketi.

Mazin aliitazama ile kazi. Akazunguka lori upande wa pili, akatazama tena, kama mtu anayetafuta kitu kilichobaki.

"Na roshan iko wapi?" akauliza.

Vuai akamwonyesha kwa mkono. Mazin akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka, akatoa simu, akatafuta picha, akamwekea Vuai usoni. Lilikuwa lile kabati la matundu la Balad.

"Hili ni dirisha," Vuai alisema.

"Hii ndiyo roshan. Jedda nzima, mtoto mdogo anajua roshan."

Vuai aliishika ile simu muda mrefu. Rangi yake ilibadilika, na mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Akajaribu kueleza kwamba kwao roshani ni mahali pa wazi pa kukaa juu, penye upepo, mtu aonekane na aone. Mazin hakutaka kusikia. Wageni waliahidiwa nyumba ya Jedda yenye roshan ya Jedda, na yeye ameletewa kitu cha kuanikia nguo. Kanzu yake ilikuwa nyeupe na maneno yake yalikuwa meusi. Alisema halas, turudi nayo. Nikamwambia, na sijuti, kwamba angeagiza kwa picha tangu mwanzo, picha hizo hizo alizojaza kwenye simu. Vuai akanishika mkono. Alishaanza kuirudishia kamba, polepole, fundo kwa fundo. Namkumbuka hivyo mpaka leo.

Sauti ikatoka juu, kwenye ule mlango uliozibwa. Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Nani hao wanaogombana Kiswahili mlangoni kwangu? Hebu pandeni."

Tukapanda. Bi Mwanamize alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, mwembamba, miguu imevimba, kanga juu ya gauni. Chumba kilikuwa na giza la kushangaza kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini. Upande wa bahari palikuwa na madirisha mawili makubwa ya alumini yenye matundu, ya kiwandani, yamekatwa kuiga yale ya Balad. Mwanga uliingia vipande vipande. Vuai akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa wapi?"

"Makunduchi, Bibi. Ila baba alikuwa akichonga mjini."

Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Akataka kujua kilichotuletea ugomvi. Vuai akamweleza yote na hakujitetea: kaagizwa roshani, kafanya roshani, kumbe yatakiwa nyengine. Bibi akamkatiza, akaomba aondolewe zile mbao za mlangoni. Tulizibandua mimi na Vuai. Mwanga ukaingia wote kwa mara moja, na upepo, na Bibi akaletewa kiti mpaka kizingitini, akainama kulitazama lori chini. Alitazama kwa muda. Nadhani hakuona vizuri, aliona umbo tu, lakini umbo lilitosha.

"Roshani," alisema.

Kisha akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti.

"Miaka ishirini nakwambia roshani, Mazin, nawe kila mara wanletea dirisha."

Mazin akayatazama yale madirisha ya alumini. La kwanza alilitia alipopata kazi Riyadh, la pili alipofungua ofisi. Akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua, kwa nini mama hakumwambia kwamba sivyo. Bibi akasema zawadi ya mtoto hairudishwi.

Akatueleza anachokitaka, na mimi nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Alipoletwa Jedda alikuwa mgonjwa wa bahari, amelala chini melini safari nzima, na walipofika alibebwa begani amefunikwa kanga usoni kwa sababu ya jua. Akafungua macho akiwa ndani ya chumba. Alifika Jedda, kwa hiyo, bila kuona kufika. Tangu hapo amezisikia meli zikipiga honi miaka sitini na zaidi. Akitazama kwa yale matundu anaona matundu. Anataka kukaa nje, kwenye roshani kama ya nyumbani kwao Malindi ya Unguja, aone meli ya watu ikiingia. Basi. Ya mizigo haimhusu.

Mazin alikuna kichwa. Alisema wageni nao wameahidiwa kitu. Mama yake akamuuliza kama wageni hao wanakuja kwake au kwa dirisha. Hilo lilimmaliza. Akatoa ruhusa kwa mkono, na sisi tukashuka mbio kabla hajaghairi.

Lori langu lina kreni ndogo. Tuliipandisha jua likiwa bado juu, watoto wote wa mtaa wamejaa chini wakipiga kelele, na Vuai juu kwenye zege akiipokea kama anapokea mtoto mchanga. Vipimo vilikuwa sawasawa. Akaifunga kwa nati kumi na mbili, akasimama juu yake mwenyewe, akaruka mara tatu, mimi nikifumba macho. Haikulia hata kidogo.

Kabla ya kwenda kulala Vuai alimuuliza Mazin juu ya yale maneno yao ya ikama. Mazin alisema inshallah, tutaona. Anayeishi na kafili anajua uzito wa tutaona. Ni mlango uliofungwa kwa adabu. Mimi nilimwambia Vuai angalau kazi imekaa.

Asubuhi, Bi Mwanamize alikuwa kwenye roshani tangu baada ya sala ya alfajiri, kavaa kanga mpya, kashika ule mkono wa nakshi kwa mikono miwili. Kati ya majengo mawili marefu kuna mwanya wa bahari. Meli ilipotokea kwenye mwanya ule ilikuwa nyeupe na ndefu kuliko mtaa, ikapita polepole, ikachukua muda mwingi kumalizika. Hata macho yake yalivyo, kitu cha ukubwa ule hakikuweza kumpotea. Alikuwa akiisemesha kwa sauti ndogo. Nilimsikia akisema, haya, fikeni salama, fikeni salama. Mimi si mtu wa machozi. Nilishuka nikaenda kuangalia maji ya rejeta.

Wageni walikuja saa tano, wazee wanane wenye kofia pana na miguu iliyochoka na Balad. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi aliwapa kahawa na tende, kisha halua, kisha akawalazimisha halua tena. Mazin alikuwa akitoka jasho, akingoja mtu aulize ilipo roshan ya Jedda. Mmoja, mama wa Kijerumani mwenye fimbo, aliuliza kweli kinaitwaje kile kitu cha nje kizuri hivi. Mazin akafungua kinywa. Bi Mwanamize akawahi.

"Roshani," alisema, na yule mama akarudia, roshani, na wote wanane wakarudia kama darasa. Wakatoka wawili wawili kukaa naye nje. Hakuna lugha waliyoelewana kwayo, na walikaa mpaka gari lao likapiga honi mara mbili.

Mchana mzima Mazin hakusema neno juu ya Vuai. Alikuwa mpole, alitupa chakula kizuri, lakini tutaona ilibaki tutaona. Alikuwa na ndege ya kurudi Riyadh jioni ile na kikao Olaya asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshapakia mzigo wa kurudi. Tulikuwa ngazini sote watatu, Mazin mbele na begi lake dogo, sisi nyuma, mama yake alipomwita kutoka roshani.

"Mwanangu, nina hamu nawe."

"Usiwe na hamu, mama," Mazin alimjibu akiendelea kushuka. "Mafi hamu, hakuna hamu. Kila kitu sawa."

Vuai akasimama. Nikaelewa amesimama kwa nini, maana hata mimi Mkamba nilisikia kuna kitu kimeenda kombo. Nilimfinya ubavuni. Mwenzangu, nilimwambia kwa macho, ikama yako iko mfukoni mwa mtu huyu, meza maneno. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Samahani, Bwana Mazin," alisema. "Hamu kwenu ni nini?"

Mazin alishangaa. Akasema hamu ni hamu, mashaka, mzigo moyoni. Mama yake anayo sana. Kila akimpigia simu, neno la mwisho ni hilo. Ameshampeleka kwa madaktari wawili wa moyo, akamwekea muuguzi wa mchana, akambadilishia viyoyozi vya nyumba nzima, na bado kila Ijumaa anamwambia ana hamu. Naye kila Ijumaa anamwambia asiwe nayo.

Vuai akashuka ngazi moja kumkaribia. Aliongea akitazama ngazi.

"Hiyo ya Kiarabu, baba. Ya kwetu siyo hiyo. Kwetu mtu akikwambia ana hamu nawe hana maradhi wala mashaka. Anataka kukuona. Basi, hakuna jengine alitakalo."

Chini barabarani mtu alikuwa akiuza matikiti kwa kipaza sauti. Nilihesabu moyoni mambo ambayo Mazin angeweza kumwambia kibarua wa paleti aliyemfundisha mama yake ni nani, na sikupata hata moja zuri.

Mazin alikaa kwenye ngazi. Kanzu ile iliyopigwa pasi ikagusa vumbi asijali. Aliuliza kama Vuai ana hakika. Vuai akasema hakika, wallahi. Akauliza tena, kwa Kiarabu, na Vuai akajibu tena, kwa Kiarabu. Kisha akakaa anatazama viganja vyake, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Miaka kumi na minne yuko Riyadh. Ijumaa zote hizo.

Alipiga simu ya kwanza kufuta ndege, ya pili kufuta kikao. Akaliacha begi pale pale ngazini, akapanda. Tulimsikia akivuta kiti kukipeleka nje, na mama yake akimuuliza kama amesahau kitu. Jibu lake halikufika kwetu.

Tulikaa chini kwenye lori tukingoja ruhusa ya kuondoka, maana hatukujua tumefukuzwa au tumesahauliwa. Baada ya muda mrefu kichwa cha Mazin kikatokea juu, kimeinamia vile vijiti vya msaji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi," aliita. "Yako maneno mengine kama hayo?"

Vuai akafikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri juu ya ubao kabla ya kuukata.

"Yako mengi, Bwana Mazin."

"Basi wewe hurudi Riyadh."

Vuai alichukua patasi zake kwenye lori, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda ngazi. Karatasi za ikama yake ya najjar zilimalizika baada ya miezi miwili, na yale madirisha ya alumini ameshayang'oa, anaweka ya mbao, ya matundu, kama wanavyotaka wageni. Mazin huenda Ruwais kila Alhamisi, ameniambia mwenyewe nilipokutana naye Olaya.

Mimi nilirudi peke yangu ile jioni. Kilomita mia moja za kwanza niliimba. Kisha nikageuka kumuuliza kama kamba zimekaza, nikakuta kiti kitupu, na nikaona aibu kidogo, mtu mzima mimi, kwamba nina hamu naye na sikumwambia.